Mkaguzi wa Mioyo

Moyo wa ng'ombe haukukaa mikononi mwake zaidi ya dakika moja. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akapasua ule mfuko mwembamba unaoufunika, akauvuta nje kama mtu anayemvua mtoto sweta, kisha akakata mara mbili. Mkato wa kwanza ulitoka juu hadi kwenye ncha. Wa pili ulipita kwenye ukuta wa katikati. Akaufungua kama daftari, akatazama, akasema "Pita" au "Toa." Ukipita, ulikwenda kwenye ndoo za wenye bucha. Ukitolewa, ulikwenda kwenye pipa la kupelekwa shimoni. Sikuwahi kumsikia akibadilisha neno alilokwisha kulitamka.

Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja kilicho nje kidogo ya mji wa Kitale, mtu mfupi, koti jeupe, gambuti nyeusi, kisu na noleo vikining'inia kiunoni. Mimi nilisukuma mkokoteni wa ngozi na kuosha sakafu. Nilikaa pale miaka mitatu, na kwangu mimi hiyo ni miaka mingi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua viazi huko juu Mlima Elgon na kuviuza chini, nimepakia mahindi kwenye malori, nimeokota vyuma vikuukuu Webuye. Sikai mahali. Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipofika pale, na niliingia kwa sababu nilipita nikasikia wanatafuta mtu.

Sijui Mkaguzi alizaliwa mwaka gani wala babake alikuwa nani. Ninachokijua ni jinsi alivyofanya kazi, alivyokula, alivyobishana na wahubiri, na kwamba kila baada ya siku ishirini na nane alinipiga mkononi muhuri wa kupigia nyama.

Wiki yangu ya pili aliniona nimesimama katikati ya ule mteremko wa saruji unaopanda kwenda stoo ya ngozi. Nilikuwa nasimama hapo kila safari. Nilidhani kila mtu husimama.

"Wewe," akasema, "unapumua kama ng'ombe ametoka Kapenguria na miguu."

"Ni baridi, Mkaguzi."

"Baridi haipigi mtu kwa shingo. Angalia hiyo mshipa yako vile inaruka. Kuja hapa."

Wachuna ngozi wakaacha visu. Mmoja wao akapaza sauti: "Mkaguzi, mpime vile unapima ng'ombe bana!" Wakacheka, kwa maana ng'ombe aliye hai hupimwa mapigo chini ya mkia, na Mkaguzi alifanya hivyo kila alfajiri zizini kabla mnyama hajaingizwa ndani.

"Huyu ako na bahati," Mkaguzi akajibu. "Yeye nitampima kwa mkono."

Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu. Halafu akaweka kiganja chini ya titi la kushoto, halafu sikio lake, mbele ya watu wote. Alinuka sabuni ya mche na damu. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na moyo wa ng'ombe, na kile kicheko kikaisha chenyewe.

"Ukiwa mtoto, magoti yalifura?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikuwa darasa la sita. Koo liliniuma wiki moja, likapona. Baadaye goti la kulia likafura, likapona, likafura la kushoto, kisha vifundo vya miguu, kama kitu kinachohama nyumba. Nilikaa nyumbani muhula mzima. Shule iliendelea bila mimi, na nilipopata nafuu sikurudi. Nilimweleza hayo kwa sentensi mbili hivi.

"Basi," akasema. "Maliza ngozi. Halafu kuja ofisi."

Ofisi yake ilikuwa chumba chenye meza, sanduku la mbao la kukalia, na msumari ukutani ambao nitausema baadaye. Juu ya meza kulikuwa na moyo wa fahali, haujakatwa kwa namna ya kazi. Alikuwa ameukata kwa namna nyingine, polepole, ili nione.

Alinionyesha vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Alinifanya nibane ukuta wa chumba cha chini cha kulia kati ya vidole, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa mnene mara tatu hivi. Nikauliza kwa nini, na nadhani alinipenda kwa sababu niliuliza.

"Huu wa kulia unapeleka damu kwa mapafu. Mapafu ni jirani. Unaweza peleka kitu kwa jirani bila kutoa jasho. Lakini huu wa kushoto unasukuma mpaka kwato, mpaka ncha ya pembe. Sasa ungejengwa namna gani?"

Kisha akachukua chupa ya maji akayamimina ndani ya mshipa mkuu, ule mpana unaotoka juu ya moyo, mgumu kama mpira wa kumwagilia bustani. Maji yakajaa, yakasimama. Hayakushuka hata tone. Akaniambia nichungulie. Chini ya maji kulikuwa na vifuko vitatu vidogo, vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vimejaa maji na kukumbatiana.

"Damu ikitoka, hivi vinalala kando. Damu ikitaka kurudi, vinajaa vyenyewe, vinafunga njia. Hakuna askari. Hakuna mtu anashika kamba. Damu yenyewe ikigeuka nyuma ndiyo inafunga mlango."

Akafungua chumba cha kushoto, kilango kilicho kati ya juu na chini. Hiki kilikuwa na kamba nyeupe, ngumu, zinazokishikilia kwenye ukuta kama kamba za hema.

"Chako kibovu ni hiki," akasema. "Ile homa ya koo ilikuachia kovu hapa. Hakifungi sawa. Kila moyo ukipiga, damu nyingine inarudi juu, na nimesikia ikirudi. Inafanya *shhh*. Enda hospitali, waambie mimi nimesema wasikilize."

Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua kama amesema kweli. Walinisikiliza, wakaniweka kitandani, wakapaka kitu baridi kifuani na kuutazama moyo wangu kwenye kioo cha mashine. Nami niliutazama. Kilango kilikuwa kinapepea. Mkaguzi alikuwa amesema kweli. Walinipa kadi na sindano ya penisilini, wakasema kila baada ya siku ishirini na nane, kwa miaka mingi. Nilimrudia na kadi.

"Sasa sikiza," akasema. "Sindano haitengenezi mlango. Inazuia ile homa isirudi kuula tena. Ukikosa, siku moja itarudi. Ikirudi mara mbili, mara tatu, mlango umeisha. Na wewe umeisha. Si mimi nakutisha. Ndivyo ilivyo."

Niliyasikia maneno hayo kama vile yalimhusu mtu aliyesimama nyuma yangu. Hata sasa nikiyakumbuka, yako mbali hivyo hivyo.

Ile sindano ni nzito. Huchomwa kwenye tako na huuma siku mbili. Mtu aliyechomwa haketi. Anajiegemeza upande mmoja, kama gunia lililopakiwa vibaya. Mkaguzi alilijua hilo, na ndiyo sababu hakutazama kadi. Alisema, "Kaa," akinyoosha kidole kwenye sanduku la mbao. Nikikaa upande, alivuta droo, akatoa muhuri wa duara, akaugonga kwenye kidau cha wino wa zambarau, akanipiga mkono wa kushoto upande wa ndani. Wino ule ni wa nyama. Unaweza kuula. Ulikaa ngozini kama wiki moja.

"Pita," akasema.

Mara moja tu nilijaribu kumdanganya. Siku ya sindano nilikuwa nimepitia sokoni, nikakuta watu wanashusha shehena ya vitunguu, nikasaidia, jua likachwa. Kesho yake nikamwambia nimechomwa. "Kaa." Nikakaa. Nilikaa vizuri kabisa, matako yote mawili, kama muumini kanisani. Alinitazama, akarudisha muhuri kwenye droo.

"Rudi," akasema, na akaendelea kunoa kisu chake.

Nilirudi hospitali siku hiyo hiyo.

Watu wa kichinjioni walikuwa na maneno mengi kuhusu ule muhuri. "Huyu sasa anaweza kuuzwa bucha gani?" "Nyama ya kuzunguka hivi ni ngumu, hata ukichemsha na magadi." Mimi nilicheka nao. Kwangu ilikuwa afadhali kuliko kadi. Kadi inakaa mfukoni. Nilikuwa na jaketi mbili na kila mara kadi ilikuwa kwenye ile nyingine.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuongea sana ila ulipomuuliza kitu. Nami nilikuwa na maswali. Nilimuuliza damu inarudi vipi kutoka miguuni, kwa maana kule chini hakuna moyo wa pili wa kuisukuma. Alinionyesha mshipa wa kurudisha, mlaini, uliolegea kama soksi, akaupasua kwa urefu, na ndani mkawa na vilango vidogo vidogo vinavyotazama juu. "Nyama ya mguu ikikaza, inakamua. Damu inapanda ngazi moja, mlango unafungwa chini yake. Ndiyo maana wewe mtu wa kuzurura miguu yako mizuri." Nilimuuliza ile mishipa miembamba kabisa iko wapi, nami nimebeba ngozi nyingi sijaiona. Alisema haionekani kwa macho, ni myembamba kuliko unywele, na damu hupita humo chembe moja moja, kama ng'ombe kwenye kibanio cha josho. Huko ndiko kazi yenyewe inafanyika, alisema, huko ndiko hewa na chakula vinashuka. Moyo ni wa kusukuma tu.

Nilimuuliza moyo wenyewe hula nini, kama damu yote inapita tu ndani yake na kwenda. Swali hilo lilimfurahisha mpaka akaweka kisu chini. Akanionyesha matundu mawili madogo, mahali mshipa mkuu unapoanzia, juu kidogo ya vile vifuko vitatu. Mishipa miwili inatokea hapo na kuutambaa moyo kwa nje, imezamishwa kwenye mafuta.

"Kabla damu haijaenda mahali popote, moyo umeshajichotea. Ni kama mpishi. Lazima aonje kwanza."

Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alivaa suti ya kijivu. Lakini hakuvumilia mahubiri juu ya moyo. Siku moja mhubiri mgeni alikuja kutuombea asubuhi kabla ya kazi, akasema kwamba moyo wa mwanadamu umejaa chuki, husuda na tamaa, na kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa usiku. Mkaguzi alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mchungaji, mioyo nimekata ile sijui hesabu. Chuki sijaiona. Msitu sijauona. Vyumba vinne tu, na tegu mara moja moja."

"Lakini Mkaguzi, hiyo si ni ya ng'ombe?"

"Na wewe ya watu umekata ngapi?"

Mhubiri akafunga kitabu chake, akaomba kwa ufupi. Mkaguzi akasema "Amina" kwa sauti kuliko sisi sote.

Ule msumari wa ukutani ulibeba kipande cha waya, kirefu kama kidole cha shahada, cheusi. Alikitoa ndani ya moyo. Ng'ombe hula bila kuchagua. Akimeza waya, waya hushuka tumboni, na tumbo la mbele la ng'ombe limepakana na moyo, katikati kuna pazia tu. Mnyama akitembea, waya unasogea. Yule ng'ombe alikuwa amefika kwa miguu yake, amenenepa, na mwenye bucha aliyemleta alikuwa amemsifu njiani kote. Mkaguzi alipopasua mfuko wa moyo, usaha ulimwagika mpaka kwenye gambuti zake, na waya ukiwa umesimama ndani ya nyama.

"Toa yote," akasema.

"Yote nini?" mwenye bucha akauliza.

"Ng'ombe yote."

"Mkaguzi, ati yote? Si ni waya tu? Toa waya, nipe nyama yangu!"

"Na hii usaha nitoe na nini, na kijiko?"

"Lakini alikuwa anatembea! Alikuwa anakula! Wewe mwenyewe umemuona asubuhi!"

"Nimemuona. Nimekosea asubuhi. Sasa sikosei."

Yule mtu alimtukana kwa lugha tatu. Mkaguzi aliuosha waya, akaufunga kwenye msumari, na haikupita wiki bila kumwona akiutazama. Siku moja aliniuliza, "Wewe unafikiri alikuwa anahisi?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi sihisi kitu. 

Kitu alichokichukia kuliko waya ni chumvi ya Jumanne. Jumanne ni siku ya mnada, na kuna wauzaji ambao humlambisha ng'ombe chumvi usiku kucha, asubuhi wanampeleka mtoni. Anakunywa mpaka anavimba, anaingia mnadani anang'aa, ubavu umejaa. Mnunuzi anadhani amenunua nyama, kumbe amenunua maji. Mkaguzi aliwajua wauzaji hao kwa sura. "Mtu anapamba mnyama kwa sababu ya siku moja," alikuwa akisema. "Siku moja! Na kesho?"

Ndiyo maana nilishindwa kuelewa nilichokipata kwenye droo yake.

Alinituma wino. Chini ya kidau cha wino kulikuwa na vidonge vya presha, karatasi juu ya karatasi, vyote vimejaa ila karatasi moja iliyotobolewa mara chache. Nilijua ana presha. Wote tulijua, kwa kuwa alikuwa na siku yake ya kliniki na hakuikosa. Alirudi kutoka huko kila mara akiwa na furaha: "Wamesema iko sawa kabisa." Nilisimama na zile karatasi mkononi mpaka akaingia.

"Mkaguzi, hizi mbona hazijamezwa?"

"Nameza."

"Lini?"

Akachukua kidau cha wino. Alikuwa hapendi kusema uongo, hivyo akachelewa kujibu. "Siku tatu kabla ya kliniki. Zikizidi zinanifanya nizunguke kichwa, nitajikata na kisu. Nikimeza hizo tatu, wanapima, iko sawa. Sasa si iko sawa?"

"Hiyo si ni chumvi ya Jumanne?"

 Nadhani hakuna mtu wa pale kichinjioni aliyewahi kumwambia neno kama hilo, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kwa kila kitu pale. Kisha akarudisha vidonge mahali pake, akaweka kidau juu yake.

"Mimi moyo wangu hauniumi," akasema. "Kaoshe sakafu."

Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mishipa ni mipira, kwamba ukuta wa kushoto ukisukuma kwa nguvu mno miaka mingi unanenepa na kukakamaa, na mpira ukipigwa kwa nguvu kila siku una mahali pake pa kupasukia. Alikuwa na imani na kisu tu. Kitu ambacho kisu hakijakifungua, kwake kilikuwa kimepita. Kwangu mimi alisikiliza kwa sikio, akaamini. Kwake mwenyewe hakuwa na njia ya kuweka sikio.

Sikumuuliza tena. Tuliendelea hivyo, yeye akinikagua kila siku ya ishirini na nane, mimi nikitoa wino kwenye ile droo bila kuangalia chini yake.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka. Alikabidhi koti, visu na muhuri, akatia sahihi. Waya aliuchukua. Alinipiga muhuri wa mwisho siku ile, ingawa zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya sindano, na hilo halikuwa desturi yake. Alirudi kwao Bungoma, upande wa Kibabii. "Hospitali ziko kila mahali," aliniambia langoni. "Hata wewe uende wapi."

Nikaondoka pale baada ya miezi miwili. Nilisikia Malakisi wanatafuta watu wa msimu wa tumbaku, na nilikuwa sijawahi kuona tumbaku ikikaushwa. Mwanzoni nilitafuta sindano yangu kwa siku zake. Kisha siku ikapita kwa sababu ya mvua, na nyingine kwa sababu ya kazi, na nyingine bila sababu. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nasimama katikati ya kila mteremko kama zamani. Mkono wangu ulikuwa mtupu, hauna alama, na nilipoutazama sikuwaza kitu chochote.

Habari zake zilinipata Bungoma mjini. Nilikuwa nimeshuka kununua viatu, nikakutana na mmoja wa wale wachuna ngozi.

"Umesikia Mkaguzi? Alipata stroku."

"Lini?"

"Kitambo bana. Ako hai, lakini upande mmoja hauko. Na maneno yameisha."

Nilimaliza kununua viatu. Nakumbuka nilivijaribu vyote viwili, nikafunga kamba, nikatembea hatua kadhaa mbele ya muuzaji. Kisha nikatafuta pikipiki ya kwenda Kibabii.

Mkewe alikuwa akianika mahindi uani. Sikuwahi kumwona, lakini nilipojitaja alisimama, akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe. Wewe ndiye yule wa sindano?"

"Mulembe, Mayi," nikamjibu kama mtu anavyomjibu mama yake. "Ndiyo mimi."

"Alikuwa anahesabu siku zako hata akiwa hapa. Kuja. Usishtuke."

Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, juani, kofia kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichoshikishwa. Mdomo ulikuwa umeshuka upande. Alinitazama na macho yalikuwa yale yale, macho ya mtu anayefungua daftari.

"Siku hizi anameza dawa," mkewe akasema. "Kila asubuhi nampa, anafungua mdomo. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa ulipasuka. Nikamuuliza mzee, wewe si ndiye unajua mishipa? Hiyo ulikuwa unajua?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeuliza mara nyingi. "Nilete chai."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. Nilimsalimu. Alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakishika kifundo cha mkono wangu, vidole vitatu. Alihesabu. Vidole vilikuwa vyepesi, na jua lilikuwa kali, na kuku walikuwa wanaiba mahindi nyuma yangu. Kisha akageuza mkono wangu, upande wa ndani ukawa juu. Akaweka kidole gumba karibu na mahali pa muhuri, bila kugusa, akaniinulia nyusi.

"Nimechomwa," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, kama "mzima" mtu akikuuliza hali.

Hakutazama uso wangu. Alitazama kigoda. Nami nikatazama chini nikaona jinsi nilivyokaa, nimenyooka, miguu imepanuka, viatu vipya vimekanyaga saruji sawasawa, matako yote mawili. Miezi mitano bila sindano.

Akaondoa kidole. Akaurudisha mkono wangu juu ya goti langu mwenyewe, taratibu, akaupigapiga mara moja, akageuza uso kwenye mahindi.

Nikasimama. Mkewe alikuwa anakuja na chai.

"Mbona unaenda? Si umefika sasa hivi?"

"Narudi, Mayi. Wekea chai kifuniko."

Hospitalini nilitoa kadi. Safari hii ilikuwa imehamia kwenye jaketi sahihi. Muuguzi aliifungua, akapitisha kidole kwenye zile tarehe, kidole kikafika mahali pasipo na tarehe.

"Hapa ulikuwa wapi?"

"Malakisi."

"Malakisi hakuna sindano?"

"Ziko."

"Haya. Vua. Legeza mguu, usikaze. Ukimaliza hapa unaenda kwa daktari akusikilize tena, hiyo si ombi."

Nililegeza mguu. Iliingia polepole kama kawaida yake, nzito, kama mtu anasukuma saruji ndani. Kwa daktari nilikaa kwenye foleni kwa tako moja. Alinisikiliza mbele na mgongoni, akaandika kwamba nirudi kupigwa picha ya moyo, akasema kile kilango kimezidi kuharibika kidogo. Kidogo kiasi gani hakusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza swali.

Kijana wa pikipiki alilalamika njia nzima. "Mkubwa, kaa katikati, utaniangusha!"

"Nimechomwa."

"Si ungesema nikuletee mto?"

Nilishukia barabarani na kuingia uani kwa miguu. Mguu wa kulia ulikuwa unavuta. Mahindi yalikuwa yamegeuzwa, jua limehama, na kiti chake kimesogezwa kulifuata. Kikombe changu kilikuwa kwenye kigoda, kimefunikwa na sahani.

Alinitazama tangu langoni. Alitazama mguu, jinsi ulivyotua, jinsi nilivyoutupa kwa nje. Kabla sijafika nusu ya ua, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshapanda kutoka mapajani. Akaweka kidole gumba mdomoni, upande ule usioshuka, akakilamba.

Niliondoa kikombe, nikakaa. Nilijiegemeza upande. Nikamnyooshea mkono.

Alikigandamiza kidole mahali pa muhuri kwa nguvu zote za upande uliobaki, akakiacha hapo. Mdomo wake ukalijaribu lile neno lake, ukaacha. Alipokiondoa kulibaki doa la mate, likakauka juani tukilitazama, yeye na mimi. Nikafunua chai. Ilikuwa imepoa, nikainywa yote.